Asmaa na Kichwa cha Jedwali

Kila asubuhi, kabla jua halijaanza kuchoma, Asmaa Dhadho alikuwa ameshajaza madumu mawili kwenye kioski cha maji na kumsaidia mama yake kukaanga mahamri ya kuuza. Kisha alivaa sare yake, akajifunga mtandio mweupe na kushika njia ya Shule ya Ukingoni, mjini Garsen. Alikuwa Gredi ya Nane, na alipenda kuwahi ili apate dakika ishirini katika chumba cha kompyuta kabla ya kengele ya gwaride.

Chumba hicho kilikuwa na kompyuta sita za mezani. Nne ziliwaka bila shida, moja iliwaka ikipenda, na ya sita ilikuwa ya kutolewa vipuri tu. Huko alimkuta Galgalo, mvulana wa darasa lake, mwenye maneno mengi na vidole vyepesi. Wote wawili walikuwa katika chama cha kompyuta cha Mwalimu Everline, na kwa muhula mzima chama hicho kilikuwa kikitengeneza programu ya kuonyesha kimo cha maji ya Mto Tana.

Programu yenyewe haikuwa na makuu. Katika vijiji vya Nanighi na Ndera, huko juu mtoni, na vingine hadi Chara upande wa chini, kulikuwa na watu wa kujitolea waliosoma nguzo za vipimo kando ya mto. Kila alfajiri walituma namba kwa ujumbe wa simu, nazo zikaingia zenyewe kwenye programu na kujipanga katika jedwali: jina la kituo, kimo cha jana, kimo cha leo. Kompyuta iliyotegemewa na wote ilikuwa katika ofisi ya kamati ya mafuriko karibu na soko. Aliyeisimamia ni Mzee Harrison, karani mstaafu mwenye miwani minene. Ndiye aliyewapigia simu watu wa chini kila asubuhi kuwaambia kama maji yanapanda au yanashuka.

"Maji yakipanda Ndera leo, yatafika Chara baada ya siku mbili hivi," Mwalimu Everline aliwaeleza wanachama. "Siku hizo mbili ndizo tunazowapa watu wahame bondeni. Kwa hiyo msiichezee kazi hii."

Jumatatu moja Mzee Harrison alifika shuleni mwenyewe, jasho likimtoka.

"Mwalimu, namba za watoto wako naziona vizuri," alisema. "Lakini kule juu ya jedwali, pale palipoandikwa hii ni jana na hii ni leo, sioni kitu. Nainama mpaka pua inagusa kioo."

Alisema kweli. Mstari ule wa juu, ambao wanachama waliuita kichwa cha jedwali, ulikuwa wa kijivu na maandishi yake yalikuwa madogo, membamba kama nyuzi.

Asmaa alinyoosha mkono kabla mwalimu hajauliza. "Mimi nitakitengeneza, Mwalimu. Nitakipaka rangi ya buluu iliyokolea, maandishi meupe, makubwa. Siku mbili zinanitosha."

"Siku mbili? Wee Asmaa, usijifunge," Galgalo alimnong'oneza.

"Zinatosha," Asmaa alijibu kwa sauti, ili kila mtu asikie.

Mwalimu Everline alimpa hadi Ijumaa, siku ambayo wanakamati wangekuja kutazama.

Asmaa alianza kwa furaha. Aliandika msimbo, yaani amri za kompyuta, wa kuongeza ukubwa wa maandishi, na maandishi yakakua. Akaamuru mstari uwe mpana zaidi, nao ukatii. Lakini alipoamuru rangi ya buluu, kichwa kilibaki kijivu vilevile. Alihakiki kila herufi, akaandika upya, akazima kompyuta na kuiwasha. Rangi ikagoma. Tena maandishi yake meupe, juu ya kijivu kile hafifu, yalipotea kabisa, kana kwamba kichwa hakikuandikwa neno.

Angeweza kuyarudisha kuwa meusi, yakabaki makubwa na mazito, na Mzee Harrison angeyaona bila taabu. Lakini alikuwa ametangaza buluu mbele ya watu, na buluu ndiyo aliyoitaka.

Jumatano Galgalo alisogeza kiti chake karibu. "Nikusaidie? Mambo mawili matatu huwa yanajificha."

Asmaa aliifunika skrini kwa kiganja. "Sihitaji. Karibu namaliza."

Hakuwa karibu hata kidogo. Alhamisi mchana, alipoona saa zinamwishia, aliifungua programu ya kuchorea. Alichora utepe mrefu wa buluu, akauandika kwa herufi nyeupe zinazong'aa: KITUO, JANA, LEO. Kisha akaibandika picha hiyo juu ya kichwa halisi cha jedwali, akaisukuma kidogo kidogo mpaka kila neno likakaa juu ya safu yake. Ilipendeza kupita alivyotarajia. Hata hivyo hakuwa na hamu ya kuitazama kwa muda mrefu. Aliifunga kompyuta upesi akaenda nyumbani.

Ijumaa chumba kilijaa. Wanakamati walipiga makofi, na Mzee Harrison akasimama hatua tano kutoka kwenye skrini na kusoma kwa sauti, "Kituo! Jana! Leo!" Watu wakacheka kwa furaha.

"Hongera, Asmaa," alisema Mwalimu Everline. "Mimi mwenyewe rangi ya namna hiyo ilinitesa mwaka jana katika programu nyingine. Ulifanyaje hadi ikakubali?"

Asmaa alihisi masikio yakimwaka moto. "Niliandika msimbo tu, Mwalimu. Nilijaribu mara nyingi."

"Na ulipima kama kila kitu kingine kinafanya kazi kama awali?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Siku hiyohiyo programu ilipelekwa katika ofisi ya kamati.

Jumamosi na Jumapili habari zilifika Garsen kwamba mvua kubwa imenyesha huko juu. Jumatatu, wakati wa chakula cha mchana, Mwalimu Everline alimtuma Asmaa ofisini akaulize kama programu inaendelea vizuri.

"Shikamoo, Mzee," Asmaa alisema mlangoni.

"Marahaba, binti yangu! Ingia, ingia uone kazi yako." Mzee Harrison alimvutia kiti. "Leo nimefanya kazi kama kijana. Tazama Ndera: jana tatu nukta nne, leo mbili nukta moja. Maji yameshuka zaidi ya mita nzima. Nimeshawapigia Chara nikawaambia wasihofu, waendelee kuvuna."

Asmaa alitabasamu. Lakini mzee hakuwa amemaliza.

"Kuna kitu kimoja tu kilichonishinda. Asubuhi, kabla sijasoma namba, nilitaka safu ya leo ikae mwanzo, karibu na jina la kituo. Nikabonyeza hapa kwenye mpangilio, palipoandikwa 'Leo kwanza'. Imekataa. Jana bado iko mwanzo. Nikaachana nayo."

Tabasamu la Asmaa lilikatika. Sehemu ya mpangilio aliitengeneza Galgalo, na ilikuwa imejaribiwa mara nyingi. Haikuwahi kukataa.

"Mzee, naomba kipanya," alisema kwa sauti ndogo.

Alibonyeza "Jana kwanza". Mbele ya macho yao namba zikahama: zilizokuwa kushoto zikaenda kulia, za kulia zikaja kushoto. Ule utepe wa buluu haukusogea hata unywele. Alibonyeza tena "Leo kwanza". Namba zikahama tena, na utepe ukabaki palepale, JANA juu ya kimo cha leo, na LEO juu ya kimo cha jana.

Mzee Harrison aliivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Sasa hii ni nini?"

Asmaa alijua. Ndera haikushuka. Ndera ilikuwa imepanda kutoka mbili nukta moja hadi tatu nukta nne kwa siku moja. Na watu wa Chara walikuwa wameambiwa wasihofu.

Wazo moja lilimjia haraka: aseme kompyuta imekwama. Mzee angeamini. Hakuna ambaye angeuliza zaidi. Lakini aliuona mkono wa mzee ukiitafuta simu juu ya meza, na maneno yakamtoka yenyewe.

"Mzee, kompyuta haina kosa. Kosa ni langu. Kile si kichwa cha jedwali, ni picha niliyoibandika juu yake. Namba zikihama, yenyewe haihami. Umesoma jana ukadhani ni leo. Ndera maji yamepanda, Mzee. Tafadhali wapigie Chara sasa hivi."

Mzee Harrison hakupoteza wakati kumkemea. Alimpigia Mama Dorothy, mkulima aliyekuwa akisoma nguzo ya vipimo huko Chara na kuwaongoza akina mama wa mashamba ya bondeni. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Ikakatika. Mara ya tatu sauti ya mwanamke ilisikika, nyuma yake wanawake wakiimba na kupura mpunga.

"Mama Dorothy, maji yanapanda! Ndera imepanda zaidi ya mita. Watoeni watu bondeni!"

"Harrison, unatuchezea?" Mama Dorothy alipaza sauti. "Asubuhi umesema yanashuka. Nimewateremsha akina mama wote huku, na watoto wao wachanga. Mpunga umeanikwa ukingoni. Sasa unasema yanapanda. Jioni utasema nini? Tuamini lipi?"

Asmaa alinyoosha mkono. "Nipe nizungumze naye."

Aliishika simu kwa mikono miwili. "Shikamoo, Mama Dorothy. Naitwa Asmaa, wa Shule ya Ukingoni. Mzee hakukosea. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kutengeneza jedwali, ikanishinda, nikaficha. Nikadanganya kwamba nimemaliza. Kwa sababu yangu asubuhi mmeambiwa namba ya jana. Namba ya leo ni tatu nukta nne. Nimeiona kwa macho yangu. Tafadhali msikae huko."

Kule upande wa pili nyimbo zilikuwa zimenyamaza.

"Una miaka mingapi?" Mama Dorothy aliuliza.

"Kumi na mitatu."

"Kuna mtu amekuamuru uniambie haya?"

"Hapana, Mama. Hakuna."

"Basi nimekuamini," alisema Mama Dorothy. "Mtu hajitii aibuni namna hiyo bure." Kabla simu haijakatika, Asmaa alimsikia akiita kwa nguvu, "Jamani! Acheni kupura! Mpunga kwenye mitumbwi, watoto wapande juu kwanza!"

Asmaa alirudi shuleni mbio. Mwalimu Everline alikuwa akisahihisha madaftari. Alisikiliza hadithi yote bila kumkatiza, kisha akaweka kalamu chini.

"Ijumaa nilikuuliza," alisema.

"Ndiyo, Mwalimu. Nikadanganya mara mbili."

"Watu wazima walipanga siku yao kwa neno lako, Asmaa." Mwalimu alisimama. "Twende tukaitoe hiyo picha kwanza. Mengine baadaye."

Waliitoa picha, wakaweka maandishi meusi, makubwa na mazito juu ya kijivu kilekile. Kazi hiyo ilichukua dakika kumi. Mzee Harrison aliyasoma bila kuinama, na Asmaa aliona haya zaidi, kwa kuwa angeweza kufanya hivyo Jumanne iliyopita.

Jioni hiyo, kwa amri ya mwalimu, alisimama mbele ya chama na kueleza alichofanya. Galgalo alikunja uso. "Mpangilio wangu ulikuwa sawasawa! Wewe ukaufunika kwa picha, watu waseme umeharibika."

"Ni kweli," Asmaa alisema. "Nisamehe. Na safari hii naomba unisaidie. Sijui kwa nini rangi inagoma."

Galgalo akavuta kiti. "Sogea basi. Lakini kipanya nashika mimi."

Jumanne mwalimu aliwapa kipindi chote cha alasiri. Safari hii hawakubahatisha. Walifungua maelekezo ya lugha ya programu na kuyasoma mstari kwa mstari, Asmaa akisoma, Galgalo akijaribu. Walijaribu mara tisa. Mara ya kumi Asmaa alikuta sentensi fupi iliyojificha chini ya ukurasa. Alisoma mara mbili, kisha akaruka kutoka kwenye kiti.

"Galgalo! Si msimbo wetu unaokosea. Kompyuta ina mandhari yake, yaani mwonekano uliopangwa tayari, na mandhari hiyo ndiyo inayopaka vichwa vya majedwali. Sisi tukitoa amri ya rangi, yenyewe inaipuuza. Lazima kwanza tuchague mandhari nyingine, inayokubali kupakwa!"

"Mstari mmoja tu?"

"Mmoja tu!"

Waliuandika mstari huo juu ya amri zao zote, wakaendesha programu. Kichwa cha jedwali kikajaa buluu iliyokolea kutoka mwanzo hadi mwisho, na maandishi meupe yakang'aa juu yake. Galgalo alipiga kelele hadi wanafunzi wa darasa la jirani wakachungulia dirishani. Wanachama wengine walipiga meza kwa viganja. Asmaa alijiona mwepesi, kama aliyetua debe la maji kichwani.

"Bado," alisema, huku akicheka. "Tukipime."

Wakakipima. Walibonyeza "Leo kwanza", na neno LEO likahama pamoja na namba zake. Walipanua safu, wakazibana, wakaendesha programu kwenye ile kompyuta inayowaka ikipenda. Kesho yake, kabla ya gwaride, waliipeleka ofisini na kulifungua dirisha lote ili jua la asubuhi liipige skrini. Hapo wakagundua kwamba kwenye mwanga mkali maneno JANA na LEO yanafanana mno, wakaipa safu ya leo kichwa cha rangi ya chungwa iliyokolea, chenye herufi nyeusi. Mzee Harrison aliivua miwani yake kwa majaribio.

"Sioni uso wako, Asmaa," alisema, "lakini LEO naiona!"

Kabla kicheko hakijaisha, simu ikaita. Mzee aliweka sauti ya juu ili wote wasikie.

"Harrison! Maji yamefika!" Alikuwa Mama Dorothy, na sauti yake ilijaa furaha badala ya hofu. "Mto umevuka ukingo alfajiri. Pale tulipokuwa tukipura juzi, maji yananifika kifuani. Lakini hakuna mtu! Hakuna hata mbuzi! Watoto wako juu, mpunga uko juu, hata mikeka tuliibeba. Wasikilizeni wenyewe!"

Simu ilijaa vigelegele. Mzee Harrison aliinua mikono yake yote miwili. Galgalo alimshika Asmaa mabegani akamtikisa, naye Asmaa alikuwa akicheka na kulia kwa wakati mmoja.

Wiki mbili baadaye, maji yalipopungua na barabara kupitika, Mama Dorothy alifika Shule ya Ukingoni akiwa na wanawake wanne na kikapu cha mchele mpya. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti inayofika mbali bila kipaza sauti. Mwalimu mkuu alimkaribisha gwarideni, naye Mzee Harrison akatangaza kwamba vituo vyote vya kamati, kutoka Nanighi hadi Chara, sasa navyo vitawekewa programu ya wanafunzi wa Ukingoni. Shule nzima ilishangilia. Asmaa na Galgalo waliitwa mbele.

Mama Dorothy alimshika Asmaa mkono, akawageukia wanafunzi.

"Huyu binti alitukosea," alisema. "Sitaki mtu alifiche hilo. Alibandika kitu kizuri juu ya kazi ambayo hakuifanya, na uzuri huo karibu utuzamishe. Lakini alipoona kosa lake hakusubiri kukamatwa. Alishika simu akaniambia, mimi nisiyemjua, 'Nimedanganya.' Kwa neno hilo nilijua la pili ni la kweli, na nikawatoa watu wangu. Wanangu, kazi ikikushinda, sema imenishinda, naomba msaada. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, maana kuna watu mahali fulani wanaopanga maisha yao kwa kukuamini. Kisha rudi ukaifanye kazi yako mpaka iwe kweli, kama alivyofanya yeye."

Aliuinua juu mkono wa Asmaa, na wa Galgalo pamoja nao, na vigelegele vya wanawake wa Chara vikaujaza uwanja wote wa shule.